Yuko Njiani, Afande

Kambini, 12 Februari

Mama Mkubwa, shikamoo.

Najua hutaitikia kwa moyo mweupe, kwa kuwa siku niliyoondoka ulinipa mgongo ukijifanya unakunja mashuka ambayo yalikuwa yamekwisha kunjwa. Hata hivyo nakusalimu, naliulizia goti lako, namuulizia shemeji na kifua chake, na nakujulisha kwamba mimi ni mzima, ukiacha miguu, ambayo viatu vya jeshi vimeamua kuifinyanga upya.

Kuhusu ubishi wetu, bado sijashindwa. Uliniuliza inakuwaje mtu asome mpaka avae joho, kisha aende kufundishwa kugeuka kulia na kushoto. Nakujibu tena: nchi inayowaachia bunduki wale tu waliokosa karo, na vitabu wale tu wasioweza kulala nje, itakuja kukaliwa na makabila mawili yasiyosikilizana. Nimesoma habari za majeshi mengi, yaliyoshinda na yaliyoangamia, na sijaona popote ambapo ujinga wa askari ulimsaidia mtu isipokuwa aliyetaka kumtumia vibaya.

Hoja hiyo nilimweleza Sajini siku ya kwanza. Akanisikiliza mpaka mwisho, jambo lililonipa moyo.

"Kwa hiyo wewe ndiye mwenye digrii?"

"Ndiyo, afande."

"Ya kitu gani?"

"Falsafa na historia, afande."

"Vizuri sana. Kile choo cha mwisho kimeziba. Nenda kakifikirie."

Tangu hapo jina langu hapa ni Digrii. Digrii shika fagio, Digrii beba maji, Digrii unakoroma kwa Kilatini.

Kuna jambo moja sikukwambia nyumbani, na ni heri ulisikie kwangu kuliko kwa wengine. Kombania niliyopangiwa ni ile ile aliyokuwamo kaka Kinanda. Haikutokea kwa bahati. Niliomba.

Wako mtiifu, japo hutakubali neno hilo,
Mwanao

*

Nyumbani, 1 Machi

Mwanangu mbishi,

Marahaba. Goti ni lile lile, linatabiri mvua kuliko redio. Mkwe wangu kifua kimepoa. Mimi kazini sijambo, ila mashine kubwa ya pasi imekufa, na hospitali nzima inatutegemea sisi wanawake watano na pasi za mkono. Mwenzangu wa kwenye sabuni anakusalimu. Anasema umesomea kufikiri, kisha ukaenda mahali pekee ambapo kufikiri kunahitaji ruhusa. Nimecheka mpaka nikaunguza foronya.

Sasa nisikilize. Nimekulea tangu mdogo wangu, mama yako, alipofariki ukiwa hujaota meno. Nakujua ukiwa na njaa, nakujua ukiwa muongo. Usinipangie makabila mawili na majeshi yaliyoangamia. Hukwenda kuiokoa nchi. Umemfuata kaka yako.

Mgongo wangu haukukukasirisha wewe peke yako, hata mimi ulinikasirisha. Lakini yule mwanangu nilimsindikiza. Nilimpeleka hadi langoni, amevaa shati nililolipiga pasi mwenyewe, anaongea njia nzima kama kawaida yake, kondakta akamwambia, "Wewe kinanda, hebu zima kidogo." Walipouliza pale langoni, "Huyu nani kamleta?" nikanyoosha mkono juu kama mtoto wa darasa la kwanza. Mkono huo sikutaka kuunyoosha mara ya pili.

Huu ni mwaka wa tatu. Waliniambia mto ulifurika, maji yakamchukua. Maji yalimpeleka wapi, hakuna anayejua. Kwa kuwa umeshafika huko, fanya kazi moja ya maana: uliza. Waliokuwa naye wapo hapo. Kila unalolisikia niandikie, hata likiwa dogo kama chembe ya chumvi. Usinichagulie la kuniambia na la kunificha.

Vaa soksi mbili.

Mama Mkubwa wako

*

Kambini, 23 Machi

Mama Mkubwa, shikamoo.

Soksi mbili ninavaa, na nakiri zimesaidia kuliko falsafa. Pole kwa mashine. Natumaini barua hii imekukuta ukiwa na afya, na kwamba goti limekwisha kutoa utabiri wake.

Uliniagiza niulize, nimeuliza. Mpishi wetu ni koplo mmoja mnene, mpole, ambaye hasemi kitu bila mwiko mkononi. Siku ile alikuwepo mtoni. Anasema doria ilikuwa inavuka kwa kamba, maji yamefika kifuani na yanapanda. Kaka alikuwa amekwisha vuka. Yupo ng'ambo, anakamua shati, anawatania walio nyuma. Kijana mmoja akashikwa na woga katikati, akaganda. Kaka akarudi. Akamfikia, akamsukuma mbele huku anamsimulia kichekesho, koplo anasema alikisikia kile kichekesho lakini hakumbuki mwisho wake. Kamba ikakatika. Yule kijana alinasa kwenye miti, akaokolewa. Kaka hakuonekana tena. Walitafuta mpaka wakaamriwa kuacha.

Jambo la pili ni kwamba nimepewa kitanda chake. Sikukiomba, ndicho kilichokuwa wazi.

Na hapa kuna desturi ambayo nimebishana nayo tangu niifahamu. Jioni, tukiitwa majina uwanjani, jina la kaka nalo linaitwa. Kombania hii haimfuti mtu aliyepotea. Yule aliyemleta langoni ndiye pekee anayeweza kumwondoa, kwa kuja na kusema, "Mwacheni apumzike." Hapo ndipo jina linatoka kwenye mwito na kuchongwa kwenye jiwe lililo mbele ya ofisi. Mpaka siku hiyo, anayelala kitandani kwake humjibia: "Yuko njiani, afande!" Kwa hiyo kazi hiyo imeniangukia mimi.

Nilikataa. Nilimwambia Sajini, kwa heshima zote, "Afande, mtu aliyekufa hawezi kuwa njiani."

"Nani kakwambia kafa?"

"Akili, afande."

"Hiyo akili yako ilikuwepo mtoni?"

"Haikuwepo, afande."

"Basi iache ipumzike, tumia koo."

Nimejibu. Lakini kila jioni maneno hayo yananikaa mdomoni kama kijiko cha chuma. Siamini kwamba wafu huheshimiwa kwa kudanganyiwa kuwa hai. Mama Mkubwa, neno la kumaliza jambo hili liko kwako. Je, hawajawahi kukuuliza?

Mwanao

*

Nyumbani, 9 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Tu wazima. Barua yako niliisoma nimesimama chumba cha kufulia, nikakaa juu ya tenga la nguo chafu, nikaisoma tena. Kwa hiyo alikuwa amevuka. Hilo hakuna aliyeniambia. Alikuwa amevuka, akarudi. Hapo ndipo ninapomtambua.

Wameniuliza, ndiyo. Alikuja afisa, kofia kwapani, adabu tele. Nilimpa chai, sikumpa neno. Akaja mwingine mwaka uliofuata, naye akanywa chai. Wewe unaona ni maneno mawili matatu. Mimi naona ni kama kuniambia nimzime mwanangu kwa kidole, kama taa.

Lakini kuna mkwe wangu, huyu shemeji yako. Fundi wa umeme wa hospitali, yule mrefu anayeinama mlangoni hata penye mlango mrefu, humsindikiza jioni mpaka kwenye kona yetu, kisha anageuka. Hajawahi kuvuka kona. Mtu ana adabu mpaka inachosha. Mkwe wangu hajasema lolote, naye bado kijana, na anapika chakula cha mume ambaye hali. Juzi nilimkuta ameshika sahani ya tatu, anaitazama, hajui airudishe kabatini au aiweke mezani. Nikamwambia, mvua hizi zikiisha nitakwenda kambini. Nitalisema hilo neno, kisha wewe na fundi wako mjue la kufanya. Akalia, akanishika miguu, nikamwambia aniachie, goti linauma.

Kwa hiyo umeshinda ubishi huu. Usiringe. Mpaka nifike, jibu kama wenzio wanavyojibu. Ni maneno matatu, hayatakuvunja taya.

Mama Mkubwa wako

*

Kambini, 30 Aprili

Mama Mkubwa, shikamoo.

Barua yako ilinifariji kuliko ninavyoweza kupanga kwa maandishi. Nakuombea afya na njia njema mvua zikiisha. Shemeji mpe salamu zangu, na yule fundi mwambie kona si mpaka wa nchi.

Uliniambia nisichague la kukuandikia na la kukuficha. Kwa ajili hiyo, na kwa ajili hiyo tu, ninaandika haya yanayofuata. Unanijua. Utotoni, wenzangu walipokimbia kivuli, mimi nilikwenda kukipima. Siamini mizimu, naamini kwamba kila kitu kina sababu, na kwamba binadamu ni mvivu wa kuitafuta.

Jumanne iliyopita Sajini alinifokea mbele ya watu. "Digrii, unamjibia mwenzako kama unasoma bei za sokoni. Kesho sema kama mtu!" Nikaudhika. Nikaapa moyoni kwamba kesho sitasema chochote. Nitanyamaza, jina lipite, waone kwamba mbingu haijaanguka.

Jumatano jioni tukapanga mistari. Jua lilikuwa bado halijazama, upepo hakuna, hata bendera ilikuwa imelala. Majina yakaitwa. Likafika la kaka. Nikafumba mdomo. Sajini akainua macho. Nikaendelea kukaa kimya, na nakiri nilikuwa najisikia mshindi.

Kisha sauti ikajibu.

Haikusema "Yuko njiani." Ilisema, "Nipooo, afande," kwa ule mvuto wa mwisho wenye kicheko ndani yake, kama alivyokuitikia wewe ulipomwita akaoge, akijua fika kwamba haji. Niliisikia nyuma yangu, upande wa kushoto, karibu kiasi cha kunyoosha mkono. Niligeuka, ingawa gwarideni kugeuka ni kosa. Nyuma yangu palikuwa na uwazi tu, kisha ukuta wa ghala. Wenzangu wote walikuwa wanatazama upande wangu, nyuso zimepauka. Sajini hakunifokea. Alikohoa, akasoma jina lililofuata kwa sauti ya mtu aliyemeza maji ya moto.

Hakuna aliyelizungumza bwenini. Nami nimetafuta sababu zote nizijuazo: mwangwi wa ghala, mzaha wa mtu, uchovu. Hakuna inayonikalia sawa. Sauti ile ninaijua. Tulilala chumba kimoja utoto wetu wote, na ilikuwa yake.

Sikuandikii haya ili kukutia tumaini. Nakuandikia kwa sababu ni kweli.

Mwanao

*

Nyumbani, 8 Mei

Mwanangu, macho yangu,

Mimi ni mzima! Sijawahi kuwa mzima kama leo. Nilijua. Miaka yote hii walipokuwa wananipa pole, kuna kitu kilikuwa kinanikataza kuipokea. Amesema yupo. Yeye mwenyewe, kwa kinywa chake, tena mbele ya kombania nzima na Sajini akiwa shahidi.

Usianze kunifafanulia. Najua utasema sauti si mtu. Lakini mtu aliyechukuliwa na maji anaweza kuokotwa mbali, akaugua, akasahau kwao, akarudi kidogo kidogo. Labda anazunguka hapo nje ya ua, anaogopa kuonekana mtoro. Mwenzangu wa kwenye sabuni ana mjomba wa jirani yake aliyerudi baada ya miaka mingi, na kwao walikuwa wamekwisha gawana nguo zake.

Siji tena kusema neno lile. Nani aende kumwambia mtu anayejibu kwamba apumzike? Yule fundi wa umeme nilimfuata mwenyewe hadi kwenye nguzo aliyokuwa amepanda, nikamwambia akiwa juu huko huko: mume wa mtu yuko hai, usivuke kona, na ikiwezekana hata hiyo kona usiifike. Aliteremka polepole sana. Alisema, "Sawa, mama," akakusanya koleo zake.

Mkwe wangu hajasema kitu tangu siku ile. Nadhani ni furaha.

Nimetuma kifurushi kwa jina la kaka yako: sweta, ndala, fulana zilizopigwa pasi, na mche wa sabuni ile aipendayo. Kiweke kitandani kwake. Ukisikia tena, muulize anahitaji nini.

Mama wa Kinanda, Mama Mkubwa wako

*

Kambini, 21 Mei

Mama Mkubwa, shikamoo.

Nakuomba uketi. Ukiwa umeketi, nakuomba uisome barua hii peke yako.

Kifurushi kimefika. Aliyegawa vifurushi alisoma jina la juu, akampelekea Sajini. Sajini akaniita jikoni, ambako koplo alikuwa anamenya viazi. Akaweka kifurushi mezani.

"Digrii, umemwandikia mama nini?"

Nikamweleza. Nilimwambia nimeandika ukweli, kwamba siku ile nilisikia kaka akijibu nyuma yangu, kwamba wenzangu wote walisikia na waligeuka kutazama huko.

Wakatazamana. Koplo akaweka kisu chini. Ni mara ya kwanza kumwona mikono mitupu.

"Mdogo wangu," alisema, "hatukuwa tunatazama nyuma yako. Tulikuwa tunakutazama wewe."

"Mimi kwa nini?"

"Kwa sababu ni wewe uliyejibu."

Nilicheka. Hawakucheka. Niliwaambia nilikuwa nimefumba mdomo kwa makusudi. Sajini akasema, "Ulifumba, kisha ukafumbua. Mimi nilikuwa mbele yako, hatua chache tu. Nilikuona. Ulisema 'nipo' kama alivyokuwa anasema yule, mpaka nywele zikanisimama, kisha ukageuka kumtafuta aliyesema." Nikawauliza wa kulia kwangu, wa kushoto kwangu, na wa nyuma. Kila mmoja kwa wakati wake, mbali na wenzake, kama hakimu. Wote wamesema hivyo hivyo.

Mama Mkubwa, sikuhisi mdomo wangu ukifunguka. Mpaka sasa nikifumba macho naisikia sauti ikitoka nyuma, upande wa kushoto. Lakini watu wote hao hawawezi kusema uongo mmoja, nami sina sababu ya kuwakatalia isipokuwa kiburi. Sauti ilikuwa yangu. Kaka hayupo nje ya ua. Hakuna anayezunguka. Nilikuwa na haraka ya kukusimulia ajabu kabla sijauliza swali ambalo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeuliza.

Nakuomba umwambie fundi wa umeme. Nakuomba umtazame shemeji usoni; sidhani kama ile ilikuwa furaha.

Mwanao

*

Kambini, 2 Julai

Mama Mkubwa, shikamoo.

Hii ni barua ya tatu tangu ile, na sijapata jibu. Siulizi umekasirika kiasi gani. Nauliza tu kama goti halijambo na kama unakula. Mvua zimekwisha huku. Najibu kila jioni kama inavyotakiwa: yuko njiani. Sweta ninalo, sijalivaa.

Andika hata tusi.

Mwanao

*

Nyumbani, 28 Julai

Mwanangu,

Marahaba zote nilizokudai uzipokee hapa kwa pamoja. Nakula. Goti ndilo lililonichelewesha kushika kalamu, kwa kuwa lilisafiri.

Nilikuja huko. Usishtuke, soma taratibu. Barua yako ya Mei nilipoipata sikuiamini. Nilisema moyoni, wamemtisha mtoto, wamemlazimisha ayameze aliyoyasikia. Nikasema nitakwenda mwenyewe, masikio ninayo. Nikamchukua mkwe wangu, tukafika langoni mchana. Nilimwambia mlinzi mimi ndiye niliyemleta Kinanda. Basi, hakuuliza zaidi. Alimwita Sajini.

Sajini wako si mtu mbaya. Alinipa kiti, akaniambia, "Mama, mimi sitakushauri. Ngoja jioni, usikie mwenyewe." Nikamwomba asikujulishe. Akatusimamisha kando ya lile ghala, nyuma yenu. Nilikuona shingo tu. Umekonda, na nywele wamekunyoa kama mtu aliyefiwa.

Wakaita majina. Wakaita la mwanangu. Ukajibu, "Yuko njiani, afande," vizuri tu, kama askari. Nikavuta pumzi. Nikasema moyoni, kumbe ndivyo, ni mtoto anatimiza kazi yake, hakuna kingine.

Kisha, Sajini akiwa ameinama kutafuta jina la mbele, ukasema kwa sauti ya chini, "Nipooo."

Mkwe wangu alinishika mkono mpaka kucha zikaingia. Ilikuwa yeye. Mwanangu, mimi nilimzaa, naijua sauti yake toka kilio cha kwanza, nami nakwambia ilikuwa yake kabisa, na ilitoka kinywani mwako. Mabega yako hayakutikisika. Jirani yako alijikaza asikutazame, nikajua kwamba si mara ya kwanza, wala ya pili, wamekuzoea, wanakuhurumia tu. Wewe hujui. Hata leo ulikuwa hujui mpaka umesoma hapa.

Nilikuwa nimekuja kumtafuta mmoja. Nikaona kwamba nikiendelea kumshikilia huyo, atamla huyu aliyebaki. Hamtoshi nyote wawili ndani ya mwili mmoja.

Mlipotawanyika nilikwenda kwa Sajini, mkwe wangu akiwa pembeni. Nikasema, "Mimi ndiye niliyemleta. Mwacheni apumzike." Nilidhani nitaanguka. Sikuanguka. Sajini alivua kofia, akasema, "Tumesikia, mama." Ndiyo maana kuanzia kesho yake hukusikia tena jina lake.

Utaniuliza mbona sikukusalimia. Ulipita karibu, umebeba ndoo, unabishana na mwenzako habari ya serikali gani sijui. Nilifungua mdomo nikuite. Jina lililokuja lilikuwa la kwake. Nikaufunga.

Fundi wa umeme amevuka kona. Alikuja na viatu vya kuazima, akagonga kichwa mlangoni. Mkwe wangu alicheka, cheko la kwanza tangu sijui lini, kisha akaingia ndani akalia, kisha akatoka akaendelea kucheka. Sahani ya tatu sasa ina mtu.

Wewe omba likizo uje ulale kwenye kitanda kisicho cha mtu mwingine.

Mama Mkubwa wako

*

Kambini, 19 Agosti

Mama Mkubwa, shikamoo.

Nakushukuru kwa kusafiri na goti, na kwa neno ulilolisema. Najua lilivyokuwa zito. Shemeji na fundi wape hongera zangu, na mlango wafikirie kuupandisha.

Kaka amechongwa kwenye jiwe. Herufi ni nzuri, zimekwenda chini sawasawa. Gwaride lilisimama, bunduki zikageuzwa midomo chini, koplo akalia waziwazi akifuta pua kwa aproni. Nami nilitarajia kwamba hapo jambo litakoma, kama sentensi inavyokoma kwenye nukta. Kimantiki lilipaswa kukoma.

Halikukoma. Nitakueleza bila kupamba. Jina lake haliitwi tena, lakini mimi najua lilikuwa linakaa katikati ya majina gani mawili. Sajini akimaliza la kwanza, kabla hajaanza la pili, pana nafasi ndogo ya kupumulia. Katika nafasi hiyo najibu. Sasa nahisi mdomo ukifunguka, lakini siwezi kuufunga. Na Ijumaa, lilipofika jina langu mimi, sikujibu. Sajini aliliita mara ya pili, mara ya tatu. Nilikuwa nalisikia, nikawa nangoja kwa hamu kumwona huyo anayeitwa ni nani na kwa nini hajibu.

Daktari wa kikosi anataka niende nyumbani kwa mapumziko. Nimekataa, nami nina hoja. Mtu asiyeonekana hajathibitishwa kuwa amekufa. Jiwe si ushahidi, neno lako si ushahidi, hata machozi ya koplo si ushahidi. Kinachonisumbua ni swali lisilojibiwa, na swali hujibiwa mahali lilipozaliwa. Mwezi ujao doria inakwenda mtoni tena. Maji yamepungua, mawe yako wazi. Nimejiandikisha wa kwanza. Nitatembea ukingoni mpaka pale miti inapoanza, nimtafute kwa macho, kwa mchana, kama mtu mwenye akili timamu. Nikimpata, nitanyamaza. Sajini hataki, nimemshinda kwa hoja mbele ya Kapteni.

Sweta nimelivaa. Limenikaa sawasawa, jambo ambalo lilinishangaza, maana yeye alikuwa mpana kuliko mimi.

Anakusalimu.

Mwanao

*

Nyumbani, 27 Agosti

Mwanangu,

Sitaulizia afya yako, umenieleza. Yangu ni ya kutosha kuandika mistari hii.

Nimesoma hoja zako zote. Ni nzuri. Sina hata moja ya kuzijibu, na sitajaribu, kwa sababu tangu ukiwa mdogo katika mabishano yetu yote nilishinda mara moja tu, siku nilipokukamata mkono nikakutoa barabarani bila kusema neno.

Usiende mtoni. Yule hakurudi majini kutafuta jibu. Alirudi kwa sababu kulikuwa na mtu hai katikati ya kamba, ameganda, haendi mbele wala nyuma. Safari hii mtu huyo ni wewe, na mimi siwezi kuogelea wala kusimulia kichekesho.

Livue hilo sweta. Mpe koplo, mpe mlinzi, mpe yeyote mwenye baridi.

Nimefanya mazoezi. Utacheka. Nimesimama chumba cha kufulia, mashine zikiwa zimezimwa, nikaita jina lako kwa sauti. Mara ya kwanza ulimi uliteleza, ukamwita yeye. Nikarudia. Wenzangu walidhani nimerukwa na akili, kisha yule wa kwenye sabuni akaja akasimama karibu nami, naye akaliita. Tukaliita wote watano mpaka likakaa. Sasa likinitoka linatoka lako, la kwako peke yako, silikosei tena.

Nimemwandikia Kapteni pia, na nimemwambia nani anakuja kukuchukua. Fundi wa umeme yuko tayari kufuatana nami. Lakini ningependa uje kwa miguu yako mwenyewe kabla hatujafika.

Nimetandika chumba cha mbele, kile ambamo hakuna aliyewahi kulala. Dirisha linafunguka. Barua hii ukiipata usiijibu. Njoo.

Mama yako